Kichupo cha Majadiliano Kisibaki Kitupu

Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, Septemba 5, 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka India, na baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ilihamia Uingereza, na huko ndiko kijana huyo alikokuja kupata umaarufu akiwa na kundi la Queen. Je, aandikwe Mwingereza, Mhindi, Mparsi au Mzanzibari? Swali hilo limebishaniwa kwa miaka mingi na watu wasiolipwa hata senti moja, katika ukurasa ulio nyuma ya makala yake kwenye Wikipedia ya Kiingereza. Anayetazama uraia ana hoja yake, anayetazama asili ya wazazi ana yake, na anayetazama mahali kitovu kilipozikwa naye hanyamazi.

Wasomaji wengi hawajui kwamba ukurasa wa namna hiyo upo.

Nafasi yake ipo kwa kila makala, hata kama bado ni tupu. Kwenye toleo la Kiswahili, juu kabisa, kando ya neno "Makala", kuna kichupo kilichoandikwa "Majadiliano". Ukikibonyeza unakuta mambo ambayo msomaji wa kawaida haonyeshwi: nani ametilia shaka tarehe fulani, nani ameomba chanzo, nani amelalamika kwamba aya ya tatu inampamba mwanasiasa. Anayechangia huweka saini, kwa kawaida kwa kupiga alama nne za kiwimbi (~~~~), na mtambo huzigeuza kuwa jina lake, saa na tarehe. Jibu huingizwa ndani kidogo kuliko hoja linayoijibu, na jibu la jibu huingia ndani zaidi, hivyo ukitazama kwa mbali unaona ngazi inayoshuka kuelekea kulia. Mazungumzo yakirefuka mno, mtu huyarudisha mwanzo wa mstari na safari inaanza upya. Hakuna mhariri mkuu anayegonga meza. Tangu Jimmy Wales na Larry Sanger waanzishe Wikipedia Januari 15, 2001, kanuni imekuwa ni kuzungumza mpaka wahusika wafikie mwafaka, kila mmoja akichukulia kwanza kwamba mwenzake ana nia njema.

Kuna wanaoyaona mazungumzo haya kama kupoteza muda, na mifano ya kuwaunga mkono haikosekani. Mwishoni mwa 2012 na mwanzoni mwa 2013 wahariri waliandika zaidi ya maneno 40,000 wakibishana kama herufi moja katika jina la filamu ya Star Trek iwe kubwa au ndogo. Tahajia ya neno la Kiingereza la mtindi iligombaniwa kwa miaka kadhaa hadi 2011. Nguvu hizo zingetosha kuandika vitabu, na hakuna haja ya kulitetea hilo.

Lakini mji wa Gdańsk ni habari nyingine. Bandari hiyo ya Poland kwa karne nyingi iliitwa Danzig na Wajerumani, na kila jina lina kaburi na kumbukumbu ya vita nyuma yake. Wahariri walikuwa wakifutiana kazi usiku na mchana, huyu akiweka Danzig, yule akirudisha Gdańsk. Mwaka 2005 walikaa chini wakapiga kura: kwa mambo yaliyotokea kati ya 1308 na 1945, jina liwe Danzig; kabla na baada ya hapo liwe Gdańsk. Uamuzi huo haukumridhisha kila mtu, ila tangu hapo kila mhariri mpya amekuwa na mahali pa kuelekezwa. Kwa kiasi kikubwa watu hao walikuwa hawajuani kwa sura, na hakuna hakimu aliyewaamrisha.

Mwaka 2019 jarida la Nature Human Behaviour lilichapisha utafiti uliochambua makala za Wikipedia kuhusu siasa, masuala ya kijamii na sayansi. Watafiti waligundua kwamba makala zilizohaririwa na watu wa mirengo inayopingana zilikuwa bora kuliko zile zilizohaririwa na watu wenye mawazo yanayofanana. Waliopingana walijadiliana kwa kirefu zaidi, na kwa kubanana hivyo walilazimika kutafuta vyanzo ambavyo hata mpinzani angevikubali. Hapo ndipo thamani ya kichupo kile ilipo. Makala nzuri haianguki kutoka mbinguni; hupikwa nyuma, na anayeipika zaidi mara nyingi ni yule asiyekubaliana na ulichoandika.

Sasa tuitazame Wikipedia ya Kiswahili. Ilianza mwaka 2003 na leo ina makala zaidi ya 80,000, idadi ya kujivunia kwa lugha za Afrika. Ina msamiati wake uliokomaa: makala fupi isiyokamilika huitwa "mbegu", msimamizi huitwa "mkabidhi", na mgeni anayejiandikisha hukaribishwa kwa ujumbe wa "Karibu". Wapo waliojitoa kweli kweli, wakiwamo vijana wa Tanzania wa kundi la Jenga Wikipedia ya Kiswahili. Agosti 2025 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa Wikimania, mkutano wa dunia wa watu wa Wikipedia. Lakini fungua makala yoyote ya Kiswahili kwa kubahatisha, kisha utafute kichupo cha Majadiliano. Mara nyingi maandishi yake ni mekundu, maana yake ukurasa haujawahi kuanzishwa. Hakuna aliyeuliza wala aliyepinga, na pengine hakuna aliyesoma kwa makini.

Ukimya huo ni hatari zaidi kuliko ubishi, na yaliyowakuta wengine yanaonyesha kwa nini.

Agosti 2020 iligundulika kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Scotland, ilikuwa imeandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alikuwa ameanza akiwa na umri wa miaka 12. Alichukua sentensi za Kiingereza, akabadilisha neno hapa na neno pale kwa msaada wa kamusi ya mtandaoni, akaendelea hivyo kwa miaka na maelfu ya makala. Hakuwa na nia mbaya. Wenye lugha yao hawakuwapo kwa idadi ya kutosha kumkalisha chini na kumwambia, "Mwanangu, hivi sivyo tunavyosema." Dunia iliposhtuka, maandishi yale yalikuwa yamekwisha kuwapa watu sababu ya kudhani kwamba Kiskoti ni Kiingereza kilichoharibika tu.

Kwa Wakroashia mambo yalikuwa mabaya kwa namna nyingine. Ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na Wikimedia Foundation, taasisi inayoendesha Wikipedia, ilieleza jinsi kikundi kidogo cha wahariri kilivyoshika usukani wa Wikipedia ya lugha hiyo kwa takriban muongo mmoja, kikapindisha historia ya Vita Kuu ya Pili na kuwafungia milango waliokipinga. Huko mazungumzo yalikuwapo, ila yalikuwa ya upande mmoja.

Asidhani mtu kwamba Kiswahili kina kinga. Programu za tafsiri zinaweza kumwaga aya kumi kwa dakika moja, na aya hizo huja na sentensi zinazonuka Kiingereza kuanzia neno la kwanza. Kosa likiingia halibaki palepale. Mitambo ya utafutaji hulinukuu, mwanafunzi hulinakili, na programu za akili unde hufunzwa kwa maandishi hayohayo kisha hulirudia kwa lugha ya kujiamini. Dawa pekee ni jicho la mtu anayeijua lugha na anayejali kiasi cha kuandika mistari miwili kwenye Majadiliano.

Afrika Mashariki imewahi kuona faida ya kuingia katika mazungumzo hayo. Machi 2010 kundi la muziki la Just a Band la Kenya lilitoa video ya wimbo "Ha-He", na mhusika wake, Makmende, akashika mtandao wa Kenya kwa siku kadhaa. Kila mtu alikuwa na utani mpya juu ya shujaa huyo asiyeshindika. Mashabiki wakamwandikia makala kwenye Wikipedia ya Kiingereza, ikafutwa. Wakaandika tena, ikafutwa tena. Wahariri walioifuta hawakuwa maadui wa Kenya. Walikuwa watu walioketi mbali, ambao hawakuwahi kulisikia jina hilo na kwa macho yao lilionekana upuuzi wa kubuni. Jina ambalo watoto wa Nairobi wa miaka ya 1990 walikua nalo midomoni, kwao halikuwa na maana yoyote.

Kilichoibakiza makala hiyo ni watu kujitokeza kuitetea. Waliojua habari walieleza Makmende ni nani, wakaonyesha vyombo vya habari vilivyomwandika, wakasisitiza kwamba jambo linaweza kuwa kubwa hata kama halijafika New York. Makala ikabaki. Mwaka uliofuata mtafiti Heather Ford wa Afrika Kusini aliutumia mkasa huo kueleza tatizo la Waafrika kukosekana kati ya wahariri wa Wikipedia: anayekosekana kwenye mazungumzo huamuliwa mambo yake na wengine, hata wakiwa watu wema.

Wanawake wanalijua hilo vizuri. Mei 2018 rasimu ya makala kuhusu mwanafizikia Donna Strickland wa Kanada ilikataliwa kwa hoja kwamba vyanzo vyake havikuonyesha umuhimu wa kutosha. Oktoba 2 mwaka huohuo akatangazwa mshindi wa Nobel ya fizikia.

Kuna pingamizi moja ambalo lazima lijibiwe kwa uaminifu. Wikipedia hudai chanzo kilichochapishwa, na sehemu kubwa ya maarifa ya Waswahili imo vichwani mwa wazee: majina ya miamba na mikondo, nasaba, njia za mitumbwi ambazo hazikuchorwa kamwe. Mzee wa Lamu anayejua historia ya msikiti wa mtaa wake hawezi kuwekwa kama tanbihi. Ni kanuni yenye sababu, maana bila hiyo kila mtu angeandika anachotaka, lakini inawaumiza zaidi watu ambao vitabu vyao ni vichache. Jambo hili lilishajadiliwa ndani ya Wikipedia yenyewe. Mwaka 2011 ilitengenezwa filamu kuhusu kutumia masimulizi ya mdomo kama chanzo, kwa mifano ya India na Afrika Kusini. Kanuni kuu haikubadilika. Hata hivyo kwenye Majadiliano neno la mzee lina nafasi. Mtu anaweza kuandika pale, "Kwetu inasemwa hivi, kuna anayejua kitabu au gazeti lililoandika?" na mwenye gazeti akatokea mwezi mmoja baadaye.

Mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano la kuandika makala za Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, lenye zawadi. Mamia ya makala yalipatikana. Zawadi zilipokwisha kugawiwa mapema 2010, wengi wa washindani waliondoka. Makala zilibaki, jumuiya haikubaki. Shindano linaweza kununua maandishi, lakini haliwezi kununua mtu atakayerudi wiki ijayo kujibu swali.

Na maswali yanayohitaji Waswahili yapo tele. Mtu akifungua makala ya Kiingereza kuhusu ziwa lililo kati ya Tanzania, Malawi na Msumbiji, atalikuta kwa jina la Malawi. Akifungua ya Kiswahili atakuta Ziwa Nyasa. Nyuma ya majina hayo kuna mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 na mabishano ya mpaka ambayo hayajamalizika: Malawi hushikilia kwamba mpaka uko ufukweni upande wa Tanzania, Tanzania husema uko katikati ya maji. Makala ya haki hueleza madai ya pande zote mbili bila kupendelea, na haiwezi kuandikwa na Mtanzania peke yake wala na Mmalawi peke yake.

Makala za kata za Tanzania nazo zinangoja. Nyingi hutaja wilaya, mkoa, postikodi na idadi ya wakazi katika sensa, kisha hukomea hapo. Mwenyeji wa kata hiyo anajua mengi zaidi, na huenda ana nakala ya ripoti ya halmashauri au gazeti la zamani lililoandika habari ya shule, mnada au daraja lililochukuliwa na mafuriko.

Basi, ndugu msomaji, uwe Kigoma, Mombasa, Bukavu au Muscat, fungua Wikipedia ya Kiswahili utafute makala ya mahali ulikozaliwa. Isome yote. Ukikuta kosa, au pengo, au sentensi ambayo hakuna Mswahili angeitamka, bonyeza Majadiliano. Si lazima uwe msomi wala mtaalamu wa kompyuta, na si lazima hata uguse makala yenyewe. Andika unachokijua, taja ulikokipata, weka saini kwa viwimbi vinne, kisha urudi baada ya siku chache uone nani amekujibu.