Mdomo wa pampu usigeuke kaburi la samaki wa mtoto

Katika nyumba nyingi za mijini siku hizi, pembeni ya sebule pana tangi la kioo lenye samaki wa mapambo. Baba na mama hulinunua kwa ajili ya watoto, na kweli watoto ndio wanaolipenda zaidi. Mtoto akiamka, kabla hata ya kupiga mswaki, amekwishafika kwenye kioo kuwahesabu. Siku akikuta mmoja amepungua, kisha akamwona amenasa kwenye bomba la pampu huku mkia umechanika, nyumba nzima huanza siku kwa kilio.

Kwa mtu mzima msiba huo ni mdogo. Kwa mtoto aliyempa samaki wake jina, si mdogo hata kidogo. Kinachouma zaidi ni kwamba mara nyingi ungeweza kuzuiwa kwa kipande cha sponji.

Pampu si adui. Uchafu wa samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao, na bila maji kuzungushwa na kupita kwenye chujio samaki hawadumu. Lakini pampu haibagui. Inavuta kila kilicho karibu na mdomo wake, kiwe jani lililooza au kiumbe hai.

Wanaoumia kwanza ni wadogo na wanyonge. Guppy, samaki anayependwa sana majumbani, hatagi mayai bali huzaa, na anaweza kurudia kila baada ya wiki nne hivi. Vifaranga wake hawafiki hata sentimita 1. Kamba wadogo na konokono nao hutambaa hadi ndani ya bomba wakitafuta chakula. Samaki wenye mapezi marefu, kama betta, huogelea polepole na mapezi yao hunaswa kwa urahisi.

Wapo pia mbuna, samaki wa rangi wa Ziwa Nyasa ambao leo wanafugwa duniani kote. Jike wa mbuna hulea mayai na vifaranga mdomoni kwa takriban wiki tatu, na muda huo karibu wote hali chakula. Halafu siku anapowaachia watoto wake waogelee, pampu isiyo na kinga inaweza kuwamaliza kwa usiku mmoja. Subira yote ya mama huyo inapotea bure.

Kinga yenyewe

Dawa ya tatizo hili ni kuuvika mdomo wa pampu sponji yenye vitundu vya wastani, inayobana vizuri. Sponji inazuia viumbe wasipite, na tena inapunguza nguvu ya mvuto. Maji ambayo yalikuwa yakiingia kwa kasi kwenye tundu moja dogo, sasa yanaingia polepole kupitia eneo kubwa. Eneo likiongezeka mara mbili, kasi ya maji pale yanapoingia hupungua kwa nusu. Kwa hiyo sponji nene na ndefu ni bora kuliko kipande kilichobandikwa mlangoni tu.

Zinunuliwe sponji za matangi ya samaki. Sponji ya kuoshea vyombo haifai, maana huenda ina sabuni au dawa ya kuua vijidudu. Waya wa chuma hushika kutu, na shaba huua kamba na konokono. Soksi nyepesi ya nailoni inaweza kusaidia kwa siku mbili tatu, ila huziba upesi.

Kwa tangi la vifaranga peke yao, wafugaji wengi hupenda chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa. Mvuto wake ni mdogo, na hakuna panga linalozunguka ndani ya maji.

Kinga nayo inataka kutunzwa

Sponji ikiziba, maji hayapiti vizuri. Pampu inayozama hupozwa na maji hayohayo, hivyo inaweza kupata moto na kuharibika. Maji yakianza kutoka kwa unyonge, ni wakati wa kuisafisha. Ikamuliwe ndani ya ndoo yenye maji yaliyotolewa kwenye tangi. Maji ya bomba yenye klorini huua bakteria wazuri wanaosafisha tangi.

Kabla ya mkono kuingia majini, umeme uzimwe na plagi ichomolewe. Hili mtoto alijue mapema kuliko jina la samaki yeyote. Waya wa pampu nao uachwe uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili matone yadondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi.

Samaki akinasa

Asivutwe. Kumvuta kunachana mapezi na kung'oa magamba. Pampu izimwe kwanza, na mara nyingi atajiachia mwenyewe. Kisha awekwe peke yake kwenye chombo chenye maji ya tangi lake, mahali palipotulia, huku akiangaliwa.

Jambo moja lisisahaulike. Samaki mkubwa mwenye afya ana nguvu ya kutosha kuukwepa mvuto wa pampu ya kawaida. Akikutwa amenasa, huenda alikuwa mgonjwa au amekufa tayari, na pampu ikamkokota tu. Mzazi anayeishia kuilaumu pampu anaweza kupoteza samaki wa pili na wa tatu. Maji yapimwe, na wenzake wachunguzwe kama wanakula na kupumua vizuri.

Kazi ya kutazama sponji kila asubuhi inaweza kukabidhiwa mtoto mwenyewe. Haihitaji kugusa maji, ila macho tu. Akishazoea kuwahesabu samaki wake na kuangalia kinga yao, atakuwa amejifunza kuwa kumpenda kiumbe ni pamoja na kumlinda.