Nguruwe Wachanga Hawakosi Dawa, Wakosa Chuma



Wengi wetu tulio katika reli kutoka Londiani hadi Fort Ternan twafuga nguruwe wawili watatu nyumbani, na ndugu zetu wa mashamba ya chai ya Kericho na Bomet vivyo hivyo, kwa sababu mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Basi habari hii ni habari ya chama.

Mwaka juzi nguruwe wangu alizaa watoto 10. Nilikuwa nimetia sakafu ya simiti, nikajivuna. Juma la pili watoto wakapauka masikio, wakawa wanahema. Nilikwenda duka la dawa za mifugo. Muuzaji hakuuliza hata swali moja. Alinipa unga wa tetrasaiklini, akasema nichanganye katika chakula cha mama. Wakafa 6.

Baadaye daktari wa mifugo alinieleza. Mtoto wa nguruwe huzaliwa na akiba ya chuma kama miligramu 50 tu mwilini. Kila siku ahitaji kama 7, na maziwa ya mama humpa kama 1. Zamani alijipatia chuma katika udongo. Mimi nilimwekea simiti, nikamnyima udongo! Sindano moja ya chuma, miligramu 200, siku ya tatu hivi, ingewaokoa. Tetrasaiklini si chuma.

Je, kwa nini tunauziwa unga? Kwa sababu unga hununuliwa kila juma, na sindano ya chuma ni mara moja. Watasema, "Lakini unga hunenepesha." Kweli, katika banda chafu waweza kunenepesha, maana huficha uchafu. Lakini vijidudu hujifunza kuizoea dawa. Mwaka 2015 wataalamu wa China walitangaza kwamba katika nguruwe wameona vijidudu visivyosikia kolistini, dawa ambayo mahospitali huiweka akiba ya mwisho. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza dawa za namna hii kwa kunenepesha mifugo tangu tarehe 1 Januari 2006. Je, watoto wetu si watu? Siku mtoto wako atakapolazwa, utataka dawa ifanye kazi.

Tena kuna zinki. Nguruwe huhitaji kidogo. Lakini wengine huwatilia nyingi mno wanapoachishwa ziwa, wasihare. Sehemu kubwa hutoka katika mavi, nasi twayamwaga katika sukuma wiki. Zinki haiozi, hukaa udongoni. Ulaya waliacha dawa hiyo mwaka 2022.

Sisemi dawa ni mbaya. Nguruwe mgonjwa atibiwe, kwa neno la daktari, na nyama isiuzwe kabla siku za dawa hazijaisha. Nasema dawa isiwe chakula.

Basi nataka kila tawi lifanye mambo matatu. Kwanza, limwalike daktari wa mifugo mkutanoni. Pili, tuchange tununue chuma pamoja, maana chupa moja yatosha watoto wengi, na daktari atuonyeshe kipimo, kwa kuwa chuma kikizidi huua. Tatu, tusinunue unga kwa mtu asiyeuliza mnyama anaumwa nini.

Aliyepoteza watoto 6 amesema. Asiye na nguruwe amwambie jirani.

Ndugu yenu wa gengi la reli, Kipkelion.