Plaketi ya zamani, umeme wa leo

Mu kabini nyingi za umeme huku Katanga, watu wanasema: "Hii disjonkteri iko hapa tangu wakati wa baba zetu, haijaleta matata hata siku moja." Wanaisema sawa vile ni cheti. Lakini si cheti hata.

Kufungua na kufunga umeme wa kila siku ni kazi ndogo. Kazi yenyewe inakuja siku kable inapasuka na kursirkui inapita. Hapo disjonkteri inapaswa kukata umeme unaopita ule wa kawaida mara kumi na zaidi, tena mbio kuliko kufumba jicho. Ikishindwa, mafuta yake yanaweza kuwaka, sanduku lipasuke, na fundi aliye mbele yake aungue. Watu wa chini ya ardhi nao wanabaki bila pampu wala vantilateri.

Uzee si shida pekee. Umeme wenyewe umekua. Mwadingusha ilianza mwaka 1930, Nzilo 1952, Nseke 1956. Kila mashine au transfo inayoungwa inapandisha nguvu ya kursirkui.

Tuhesabu pamoja. Transfo moja ya MVA 10, volti 6600, impedansi 8%, inaweza kutoa kursirkui ya karibu kiloampere 11. Disjonkteri yenye plaketi ya 16 inaiweza. Mgodi ukipanuka, wanaunga transfo ya pili ya namna ile ile kando yake: sasa ni karibu 22. Plaketi ingali 16. Hakuna atakayeona kitu, mpaka siku ya matata.

Na ile 16 ni ya disjonkteri mupya. Kontakti zimekulika, mafuta yamekuwa meusi, resori zimechoka. Ni lazima kupima rezistansi ya kontakti, muda wa kufunguka na hali ya mafuta. Lakini vipimo hivyo tu havitoshi, juu havionyeshi kama itakata kiloampere 22. Lazima kufanya hesabu ya kursirkui upya, kila mara kitu kinaongezwa.

Mashefu watasema franga hakuna. Sawa, hatuombi kutupa zote kesho. Kuko njia za kungojea: kuacha kuunga transfo mbili pamoja, kuweka reaktansi ya kupunguza kursirkui, kufungua na kufunga kwa mbali, mtu asisimame mbele.

Kwa hiyo, ndugu madelege na watu wa komite ya usalama, muulize namba mbili kwa kila kabini, tena kwa maandishi: kursirkui ya leo ni ngapi? Disjonkteri inaweza kukata ngapi? Kama ya kwanza inapita ya pili, musikubali fundi atumwe kuifungua kwa mkono. Na ninyi mama zetu, bwana akirudi kazini, mumuulize kama hizo namba anazijua. Ni maisha yake, na ya watoto pia.