Kabla ya Kupamba Gari la Bi Harusi, Tukanyage Breki



Msimu wa harusi ukifika hapa Utende, kupamba gari tunakujua. Tunafunga utepe, tunapanga maua, tunafukiza udi mpaka viti vinukie wiki nzima. Lakini ni nani kati yetu amewahi kukanyaga breki za gari hilo kabla bi harusi hajapanda?

Tunauliza kwa sababu yametukuta. Tulikuwa tunatoka Kilindoni na bi harusi wetu, gari limejaa mashangazi na vigelegele. Dereva, kijana wetu wa nyumbani, akawa anakanyaga breki mara tatu, mara nne, ndipo gari lipunguze mwendo. Tukamuuliza. Akasema, "Msijali shangazi, ukipampu inashika." Tukanyamaza, eti mambo ya gari si yetu. Tulifika salama, alhamdulillah. Lakini angekatiza ng'ombe mmoja tu barabarani, siku ile ya furaha ingegeuka msiba.

Kunyamaza kule ndiko tunakokukemea leo.

Breki inayoshika mpaka uipampu imeshakwambia kwamba inaumwa, na mara nyingi ugonjwa ni upepo. Mafuta ya breki hayabanwi, ndiyo maana nguvu ya mguu inafika hadi kwenye magurudumu. Hewa inabanwa. Ikiingia kwenye mabomba, mguu wako unabana hewa badala ya kusukuma pedi, na pedeli inakuwa laini kama sponji.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya fundi, tena ya wanaume. Fundi tunamheshimu. Lakini kutoka hapa hadi mjini Kilindoni ni kama kilomita 15, na kulipeleka gari lisiloshika breki kwa fundi wa breki ndiyo hatari yenyewe. Tena kazi hii ni ya watu wawili, mmoja kwenye pedeli, mwingine kwenye gurudumu. Na wa kwenye pedeli ni nani? Ni sisi! "Mama, njoo unikanyagie breki." Tunakanyaga bila kujua tunachokifanya, na ukiachia mguu kabla ya wakati, upepo unarudi ndani. Nusu ya kazi tayari ni yetu; tuijue basi.

Inafanywa hivi. Gari liwe kwenye ardhi tambarare, injini imezimwa, magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Likiinuliwa, liwekewe stendi imara. Jeki peke yake haiaminiki. Jaza mafuta ya breki mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4. Usiweke oili ya injini, inaharibu mipira ya breki. Wala usiweke maji. Kwa kawaida huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na pampu kuu ya breki. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Yapo magari yenye mpangilio wake, basi kitabu cha gari kifuatwe.

Mwenzako anachomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye nipeli ya kutolea upepo. Ncha ya pili inazama kwenye chupa yenye mafuta kidogo ya breki. Anasema, "Pampu." Unakanyaga taratibu mara tatu au nne. "Shikilia." Unashikilia. Anafungua nipeli, pedeli inazama, mapovu yanatoka. Usiachie! Anafunga kwanza, ndipo anasema, "Achia." Mnarudia mpaka yatoke mafuta matupu bila povu, huku kopo la juu likiongezwa kila mara. Likikauka, mnaanza upya.

Bi harusi mwenye hina asiogope, kazi ya pedeli haimwagi tone. Wa kwenye nipeli avae glavu, kwani mafuta hayo yanaunguza macho na kubandua rangi ya gari. Yaliyotoka yasirudishwe. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na yakilowa huchemka kwa joto dogo zaidi. Sisi tunaoishi kando ya ghuba ya Chole tusiweke kopo lililofunguliwa mwaka mzima uvunguni. Nipeli nazo hushika kutu kwa hewa ya chumvi. Ikikaza, usiilazimishe, itakatika.

Mwisho, pedeli iwe ngumu, na gari lijaribiwe polepole uwanjani, bila abiria. Ikibaki laini, au ikizama taratibu ukiikanyaga, gari lisitoke. Fundi ndiye aje. Na kama hakuna aliyefungua kitu, ulizeni upepo umeingilia wapi. Huenda kuna mahali panavuja, na kutoa upepo hakuzibi tundu. Magari yenye ABS nayo mengine huhitaji mashine ya fundi. Kujua mpaka wako nako ni elimu.

Kuna neno tunalolitumia vibaya: "Tawakkal tu." Bedui alipomuuliza Mtume wetu (s.a.w.) kuhusu ngamia wake, alielekezwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Kusema inshaallah huku pedeli inagusa chini ni kumwacha ngamia bila kamba. Uhai wa abiria ni amana mikononi mwa dereva, na sisi tuliokaa viti vya nyuma tuna haki ya kudai amana yetu.

Kwa hiyo makungwi wetu, mnapomfunda mwali jinsi ya kutunza nyumba, muongezeeni somo hili moja. Na wewe bi harusi, siku yako ikifika, kabla udi haujafukizwa, mwambie kaka yako akanyage breki mara moja mbele yako. Ikizama, shuka. Mwache bwana harusi asubiri. Kuchelewa kwenye harusi kunasameheka.

Allah atulinde safarini na atujaalie ndoa zenye utulivu. Amin.