Kucha ya gumba: tununue au tungoje?

Juma hili tunajibu ulizo ambalo wazazi wenye watoto katika korali wanatuletea: mtoto anayejifunza gitaa anaomba pesa ya kununua kucha ya gumba. Je, ni kitu cha lazima, ama ni mapambo tu?

Kwanza tuelewane. Kucha ya gumba ni kipande kidogo cha plastiki au cha chuma kinachovaliwa kama pete kwenye kidole gumba cha mkono unaopiga nyuzi. Kina ulimi mmoja unaotokea pembeni, na ulimi huo ndio unaogusa uzi. Tusiichanganye na mediatere, ile inayoshikwa kwa vidole viwili. Mwenye kuvaa kucha ya gumba, vidole vyake vingine vinabaki huru: gumba linapiga nyuzi nene za besi, na kidole cha shahada kinaimbisha nyuzi nyembamba.

Kupiga namna hiyo si jambo geni katika inchi yetu. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952, alipiga kwa gumba na kidole cha shahada, na ukisikiliza wimbo wake « Masanga » utadhani kuna magitaa mawili. Huko Marekani, Merle Travis na Chet Atkins walijulikana kwa kuvaa kucha ya gumba. Kila mmoja alifuata sauti aliyoitafuta.

Sisi tunashauri hivi: mtoto aanze na gumba tupu. Kucha inaongeza nguvu ya besi, na mkono usiofundishwa bado utafunika wimbo wa kidole cha shahada. Ngozi ya gumba inamfundisha kusikia uzi na kupima nguvu. Akiisha kushika nyimbo mbili tatu bila kukatiza mwendo, hapo ndipo tuzungumze juu ya pesa.

Kuna sababu mbili za kweli za kununua. Ya kwanza ni kanisa kubwa lenye ngoma na lisilo na mikro, ambamo besi haisikiki. Ya pili ni kazi ya mikono. Vijana wetu wanalima mihogo na kuvuna kakao. Kucha zao zinavunjika na ngozi inapasuka. Plastiki inalilinda gumba lililochoka.

Mkifika sokoni, mtoto awepo, maana gumba halitumwi. Avae na kutikisa mkono. Ikizunguka au ikianguka, ni kubwa. Ncha ya kidole ikibadilika rangi au ikiuma, ni ndogo. Tazameni ulimi: ukiwa mrefu sana unakwama kati ya nyuzi, heri ulio mfupi, na unaweza kupunguzwa kwa msasa. Plastiki nyembamba inatoa sauti laini. Ile nene inatoa besi nzito. Chuma kinalia kwa nguvu na kinakwaruza nyuzi za nailoni, kwa hiyo anayeanza achague plastiki. Anayepiga kwa mkono wa kushoto atafute iliyotengenezwa kwa mkono huo.

Plastiki ikibana kidogo, itumbukizeni katika maji ya moto kwa muda mfupi, itoeni kwa kijiko, ipanueni polepole, kisha itieni katika maji baridi ili ikae hivyo. Mtu mzima ndiye afanye kazi hiyo. Msiiweke juu ya moto: plastiki inayoungua inatoa moshi mbaya kwa mapafu.

Neno la mwisho ni juu ya wabinti wetu. Tunasikia watu wakisema kwamba gumba la msichana ni dogo, kwamba besi ni kazi ya wavulana. Tukichunguza, mara nyingi shida ni kucha iliyopimwa kwa gumba la kaka yake. Mtafutie saizi yake, mpe saa yake ya kujizoeza kama wengine wanavyopewa, na kazi za jikoni zigawanywe kwa watoto wote. Katika miaka hii ambamo jamaa nyingi za Beni zimekimbia mashamba yao, jioni ni ndefu nyumbani. Gitaa moja likizunguka kati ya watoto linaleta sauti nyingine ndani ya nyumba, na sauti ya binti isikosekane humo.

Basi mama, pesa ikiwa kidogo, lipa kwanza daftari na masomo. Gumba tupu halidai franka, nalo linaweza kungoja. Binti asingojeshwe.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.