"Nzuri sana, mwanangu" siyo jibu

Wale mliosikiliza kipindi kilichopita mlinisikia nikicheka nilipoulizwa programu yetu imefikia wapi. Kile kicheko kilikuwa cha aibu. Leo naandika kilichotokea, maana humu angalau hakuna wa kunikatiza.

Mimi na mwenzangu tumeanzisha kikampuni. Watu wawili, laptopu mbili, akiba ya miezi sita. Mwenzangu aliacha kazi kabisa, mimi nilipunguza siku. Wazo letu ni programu ya simu ya kuendesha upatu, ule mchezo wa mama zetu: kila mwezi kila mtu anatoa, mmoja anapokea fungu lote, mwezi ujao ni zamu ya mwingine. Kama umekulia nyumba ya Waswahili hapa Birmingham unaujua, hata kama kwenu mnauita chama. Huenda ile tiketi ya kwenda kumsalimia bibi ilitoka humo na hukuambiwa.

Anayekusanya hela anaitwa kijumbe. Kijumbe wetu anakaa Perry Barr, si mbali na stesheni. Wako kumi, pauni 100 kila mmoja kwa mwezi, na daftari moja la mistari. Mama yangu ni mmoja wao. Kwa hiyo watu wa kujaribia tulikuwa nao tayari, tukajiona tuna bahati.

Jaribio la kwanza lilikuwa Jumamosi, sebuleni kwa kijumbe, baada ya chai na maandazi. Shikamoo kwa kila mmoja, kisha simu ikapita mkono kwa mkono. Mnaionaje? "Nzuri sana, mwanangu." "Mashallah, watoto wetu wamesoma." Mmoja akatuombea dua. Tukapanda basi namba 11 tukiwa tunapanga bei.

Wiki tatu baadaye tukaangalia nani ameifungua tena. Wawili. Mmoja alikuwa mama yangu, naye kwa sababu nilimsumbua.

Ukishuka stesheni ya Perry Barr unayaona yale maghorofa yaliyojengwa yawe kijiji cha wanariadha wa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2022. Wanariadha hawakulala humo hata usiku mmoja. Korona ilichelewesha ujenzi, wakapelekwa kukaa kwingine. Zamani nilikuwa napita pale nikicheka. Siku hizi napita kimya.

Kinachoniuma ni kwamba nilishaonywa. Kuna kitabu cha Rob Fitzpatrick kilichotoka 2013, kinaitwa The Mom Test. Hoja yake ni kwamba usimuulize mama yako kama wazo lako la biashara ni zuri, atakudanganya kwa mapenzi. Muulize kuhusu maisha yake, mambo aliyokwisha kuyafanya, na wazo lako usilitaje kabisa. Nimekisoma hicho kitabu, nimekipigia mistari. Lakini yeye anazungumzia mama mmoja. Mimi sebule nzima ilikuwa mama zangu. Halafu mama mzazi yupo palepale, kwenye kochi. Nani atamwambia mtoto wa mwenzake kwamba alicholeta hakifai, mbele ya aliyemzaa? Lile "nzuri sana" lilikuwa adabu tu, kama vile mgeni anavyoambiwa "mbona unaondoka mapema".

Basi mara ya pili nikajifanya mjanja. Nikauliza: mara ya mwisho mtu alipochelewa kutoa, ilikuwaje? Kimya. Watu wakaangalia vikombe. Mwenzangu akaona niko taabani, akataka kunisaidia, akafungua ukurasa wa wanachama. Safari hii tulikuwa tumeingiza hesabu zao za kweli. Aliyelipa, rangi ya kijani. Ambaye hajalipa, nyekundu.

Nyekundu alikuwa mmoja tu. Simu ilikuwa imeshapita kwa watu watatu kabla sijaidaka. Yule mama akachukua mkoba wake, akasema anawahi basi.

Mama hakunisemesha mpaka tulipofika nyumbani. Akavua viatu, akasema neno moja tu: "Umemwanika."

Kesho yake nilirudi kwa kijumbe kuomba radhi. Akaniingiza jikoni, akanifungulia daftari. Majina ya waliolipa yamewekwa alama kwa kalamu ya wino. Ya wasiolipa bado, kwa penseli. Mama yule alipunguziwa masaa kazini, na kwa miezi miwili kijumbe alikuwa anamtolea kutoka mfukoni mwake. Fungu lilitoka kamili, hakuna aliyeuliza. "Akipata atanirudishia," akasema. "Sasa mwingine ajue ili iwe nini?"

Yaani sisi tulikuwa tumewatengenezea hesabu, na hesabu hawana shida nayo. Kumi mara mia, hata mdogo wangu anaweza. Kazi ya kijumbe ni kujua nani anahitaji zamu ya Septemba kwa sababu mtoto anaanza chuo, nani abadilishane na nani, na nini kisifike masikioni mwa watu. Hatukuwahi kuuliza hata kimoja.

Nikajifariji kwa kusoma habari za M-Pesa. Majaribio yake yalianza Kenya Oktoba 2005, Safaricom na Vodafone wakishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Waliojaribu hawakufika 500. Lengo lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo kwa simu, basi. Lakini wao wakaanza kutumiana hela. Wengine waliweka hela kwenye simu kabla ya safari na kuzitoa walikofika, wasitembee na noti mfukoni. Mwenye mkopo alilipiwa na mtu mwingine. Wahusika wangeweza kusema watu wanaitumia vibaya. Badala yake, ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, tangazo lake lilihusu kutuma pesa nyumbani, na suala la mikopo likawekwa pembeni. Mwaka mzima na zaidi ulipita kati ya jaribio na uzinduzi. Sisi tulijipa wiki tatu, tena bila kukaa na mtu hata mmoja tukamtazama anavyofanya.

Kwa hiyo mwezi uliofuata niliomba kukaa na kijumbe jioni ya kukusanya. Bila programu, daftari langu tu na chai. Alipiga simu kumi na moja. Mbili ndizo zilitaja hela. Nyingine zilikuwa habari za goti, za mjukuu, za msiba wa Tanga, na katikati ya hayo mtu anasema mwenyewe, "nitakuletea Ijumaa". Nimeyaandika yote. Sijui bado programu gani inatoka humo, ila nimechora ukurasa mmoja kwenye karatasi ambao anauona kijumbe peke yake. Jumamosi namwachia aufute-futie anavyotaka.

Mwenzangu hakubali. Anasema programu ambayo kati ya watu kumi inatumiwa na mmoja, nani atailipia? Swali lake ni la haki, na akiba imebaki ya miezi miwili. Tumegombana mara mbili kwa hilo, mara ya pili mbele ya wateja wa mkahawa pale One Stop.

Yule mama nilikwenda kumwona nyumbani kwake, nikamwomba msamaha kwa Kiswahili changu hiki kinachoyumba. Akaniitikia marahaba, akanipa chai. Nilipoweka simu mezani aliitazama kidogo, akaigeuza kioo kikaangalia chini, kisha akaniuliza kama nimekula.