Upanga Usiorudi Alani Bure

Wazazi wenzetu huwakataza vijana michezo ya kompyuta pasi na kuitazama. Safari hii tuliketi, tukatazama.

Mchezo wenyewe ni Team Fortress 2, uliotolewa na kampuni ya Valve mwaka 2007, ambamo makundi mawili hupigana, aghalabu kwa bunduki. Mwaka 2011 uliongezwa humo upanga wa Kijapani uitwao Half-Zatoichi, yaani Nusu Zatoichi. Zatoichi ni kipofu hodari wa upanga katika filamu za Japani tangu mwaka 1962. Naye Demoman, mmoja wa wahusika wawili wanaoutumia, ana jicho moja tu.

Kilichotushughulisha ni sharti lake. Anayeuchomoa na kumwua adui huongezewa nusu ya uhai wake wa kawaida. Akitaka kuurudisha kabla ya kuua, hupoteza pointi 50 za uhai, ilhali uhai wote wa Demoman ni 175. Wakikutana wawili walioushika, pigo moja huua.

Hatukupendezwa na mchezo unaomlipa muuaji. Hata hivyo, sharti hilo lilitukumbusha kwamba hasira ni hasara: ni rahisi kuchomoa, ni ghali kurudisha. Tofauti ni kwamba mchezoni aliyeuawa hurejea baada ya sekunde chache. Nyumbani, moyo uliokatwa kwa neno kali haurejei upesi hivyo.

Basi kabla ya kukataza, tuketi nao na tuwaulize: ulipouchomoa, ulikusudia nini? Kisha nasi wazazi tujiulize swali hilo hilo kuhusu ndimi zetu.